UZI: Sandwichi ya faiba haifi kwa ngozi, inafia ndani. Nimekata sitaha, njooni muone

FundiWaTezi (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita nimekata sitaha ya boti niliyoijenga kwa mikono yangu mwaka 2019, na nilichokikuta ndani nimeona nisikae nacho peke yangu.

Boti ni ya futi 24, inafanya kazi upande wa Pangani. Mwenyewe alitaka iwe nyepesi isimmalizie mafuta, kwa hiyo sitaha nikaipiga sandwichi: ngozi ya faiba juu, ngozi ya faiba chini, katikati balsa. Kwa asiyeijua, balsa ni mbao nyepesi sana, nyingi inatoka Ekuador. Inakatwa vipande vidogo vidogo, nyuzi zake zinasimama wima kama mirija kutoka ngozi hadi ngozi, halafu vipande vinagandishwa kwenye wavu ili viweze kufuata mpindo wa boti.

Miaka minne hakuna neno. Mwaka jana nahodha ananiambia, "Fundi, pale mbele panabonyea kama godoro." Nikaenda, nikaangalia. Jelikoti, lile koti la rangi la nje, inang'aa, hakuna ufa hata wa unywele. Nikamwambia ni miguu yake. Mwezi uliopita akanipigia tena, safari hii hakucheka.

Nikashika grainda. Ngozi ya juu ilitoka nzima kama kifuniko cha sufuria, haijashikwa na kitu. Chini yake balsa imekuwa uji wa rangi ya chai, naichota kwa kiganja, inanuka kama togwa lililosahaulika. Eneo la kama meta moja na nusu kwa meta moja. Maji yalipita wapi? Kwenye skrubu nane za nguzo za reli ya mbele, nilizozifunga mimi, nikaziba kwa silikoni ya bafuni. Silikoni ikaachia, maji yakashuka kwenye tundu, na ile mianya kati ya vipande vya balsa ambayo sikuijaza resini (ile gundi ya kugandisha faiba) ikawa mifereji. Nilimwagilia sitaha miaka minne bila kujua.

Sasa hapa ndipo penye uzi wenyewe. Ile ngozi ya juu niliyoibandua nimeiegemeza ukutani nikaipanda. Ngumu kama siku niliyoitoa kwenye moldi. Ngozi ya chini nayo nzima. Hakuna faiba hata moja iliyokatika, na sitaha ilikuwa imekufa.

MpigaMbizi

Nimekaa siti ya mbele, chai ipo. Weka picha mkuu.

FundiWaTezi

Picha simu imezama na yenyewe, usicheke.

MzeeWaPlaiwudi

Ndiyo maana mimi sihangaiki na hayo madude. Faiba tupu, mati (mashuka ya faiba) juu ya mati, basi. Baba yangu hakuwa na sandwichi na jahazi lake lilimzika.

FundiWaTezi

Shikamoo mzee. Kwa tumbo la boti inayopandishwa ufukweni kila siku na kuburuzwa kwenye mawe, nakubaliana nawe, mimi mwenyewe chini napiga faiba tupu. Ila kwa sitaha hebu tufanye hesabu moja.

Chukua ubao wa kukanyagia, meta 1 kati ya egemeo na egemeo, upana sentimeta 30. Wa kwako ni faiba tupu ya milimeta 4. Wa kwangu ni faiba hiyohiyo, nimeigawa milimeta 2 juu na 2 chini, katikati nimeweka povu gumu la PVC la milimeta 20. Faiba tumetumia sawa. Povu la kilo 80 kwa meta ya ujazo linaniongezea kilo 1.6 kwa kila meta ya mraba, na faiba yenyewe ni kama kilo 6.

Ukakamavu unakwenda na unene uliopandishwa kwa kipeo cha tatu. Wangu ni 24 kwa kipeo cha tatu, toa 20 kwa kipeo cha tatu: 5,824. Wako ni 4 kwa kipeo cha tatu: 64. Gawanya, unapata 91. Siyo asilimia 91 mzee wangu, ni mara 91.

Akisimama mtu wa kilo 100 katikati, wa kwangu unashuka milimeta 22 hivi. Wa kwako hesabu inaleta karibu meta 2, maana yake umekunjika kama mkeka na jamaa yuko majini.

MzeeWaPlaiwudi

Marahaba. Mimi napiga milimeta 10, siyo 4.

FundiWaTezi

Na boti yako inakunywa mafuta kama lori, mzee, sote tunaijua.

Kipimo_Sahihi

Fundi umeeleza vizuri, nikuongezee kidogo maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Watu wakiona "mara 91" wanadhani ngozi ndiyo imefanya kazi yote. Chukueni daftari la shule la kurasa 100, lishikeni ncha mbili mlikunje. Angalieni pembeni: kurasa zinateleza, kila moja inaipita mwenzake. Ndiyo maana linakunjika kirahisi. Sasa pigeni gundi kila ukurasa, mjaribu tena. Kazi ya kiini, yaani kile kilicho katikati ya ngozi mbili, ni kuzuia kule kuteleza. Ngozi ya juu inabanwa, ya chini inavutwa, na kiini kinazikataza zisipitane. Mkazo wake tunauita mkazo wa kukata, na ni mdogo kwa namba. Kwenye ubao wa Fundi ngozi zinapata mkazo wa kama megapaskali 19 (megapaskali ni kipimo cha mkazo), kiini kinapata 0.08 tu. Kwa hiyo watu wanakidharau. Lakini ile 0.08 ikikosa wa kuibeba, unarudi kwenye daftari lisilo na gundi: vipande viwili vya milimeta 2, kila kimoja kinajipinda kivyake.

Sitaha ya Fundi ilifika hapo. Balsa ikiwa uji haibebi hata hiyo 0.08.

Chuma_Chakavu

Mimi nina la kuchekesha. Nilitaka kutengeneza kaboti ka kuvulia ziwani, nikaona povu la PVC bei siyo ya mchezo. Nikachukua lile povu jeupe la boksi la TV. Nikapaka resini. Wakuu, liliyeyuka mbele ya macho yangu kama sukari kwenye chai. Nikabaki na soksi ya faiba yenye shimo ndani.

MpigaMbizi

😂😂😂 soksi ya faiba

Kipimo_Sahihi

Kaka, resini ya poliesta imechanganywa na stirini, na lile povu jeupe ni polistirini. Ni ndugu wa damu, wakikutana mmoja anamyeyusha mwenzake. Ungetumia epoksi, resini ya aina nyingine, lisingeyeyuka.

Lakini usikimbilie kununua epoksi, maana lingekuua baadaye kwa njia nyingine. Ngozi ya juu inayobanwa ni kama karatasi iliyolazwa juu ya godoro. Ukiisukuma kutoka pande mbili haivunjiki, inakunjamana, na godoro ndilo linaamua itakunjamana lini. Kuna kanuni ya Hoff na Mautner ya mwaka 1945, bado tunaitumia: zidisha moduli (kipimo cha ukakamavu) ya ngozi, moduli ya kiini, na moduli ya mkato ya kiini, yaani ukakamavu wake dhidi ya kule kuteleza, tafuta kipeuo cha tatu, chukua nusu yake. Kwa ngozi ya mati yenye moduli ya kama megapaskali 7,000 na povu la PVC la Fundi (moduli 90, ya mkato 27), mkunjo unakuja kwenye megapaskali 128 hivi. Ngozi ileile juu ya povu la TV, tuseme 5 na 2, mkunjo unakuja kwenye 21.

Na mtu wa kilo 100 akisimama tu ameshaleta 19. Akirukia kutoka gatini, kwaheri.

Angalieni jambo moja kwenye hiyo kanuni: nguvu ya kuvunjika ya ngozi haimo kabisa. Unaweza kununua kaboni ya bei ya kiwanja, ukaibandika juu ya povu bovu, ikakunjamana kabla haijafanya hata robo ya kazi yake.

Chuma_Chakavu

Kwa hiyo stirini iliniokoa. Nitaiwekea sadaka.

AbiriaWaDirishani

Samahani wakuu, naingilia. Nilisikia ndege nazo zina hizi sandwichi. Je, nazo zinaoza namna hii? Naulizia tu, nasafiri Ijumaa.

Kipimo_Sahihi

Safiri kwa amani kaka. Ila kwa kuwa umeuliza.

Tarehe 6 Machi 2005, Airbus A310 ya Air Transat iliruka kutoka Varadero, Kuba, ikielekea Québec, Kanada. Abiria 262, wafanyakazi 9. Ikiwa angani futi 35,000, ukasikika mshindo, ndege ikaanza kuyumba mkia huku na huku. Marubani wakaishusha chini kidogo, mtikisiko ukapungua, wakageuza kurudi Varadero wakatua salama. Waliposhuka kuangalia, usukani wa mkia karibu wote haupo, umebaki kipande cha chini kinaning'inia.

Usukani ule ulikuwa sandwichi: ngozi za faiba ya kioo na kaboni, katikati sega la Nomex. Nomex ni karatasi ngumu iliyochovywa resini na kufinyangwa matundu ya pembe sita, kama sega la nyuki hasa. Wachunguzi wa Kanada walifikia kwamba kulikuwa na jeraha la ndani tangu kabla ya safari ile: ama ngozi ilishabanduka kwenye sega, ama sega lenyewe lilishapasuka. Jeraha likakua mpaka usukani ukapoteza ukakamavu, ukaanza kupepea kama bendera, ukajivunja. Na ukaguzi uliokuwa umepangwa na mtengenezaji wakati ule haukuwa na uwezo wa kuliona jeraha la aina ile.

Mwisho wa mwaka huohuo wa 2005, usukani wa A300-600 ya mizigo uligongwa gereji kwa bahati mbaya. Walipoufungua kuutengeneza wakakuta pengine palipobanduka, pasipohusiana na pigo, na ndani kuna mafuta ya haidroliki. Yamepenya kati ya ngozi na sega yakaila gundi kimyakimya.

FundiWaTezi

Kwa hiyo wao mafuta, mimi maji ya chumvi. Kumbe kosa letu ni moja.

Kipimo_Sahihi

Na wao wana adui ambaye wewe huna. Ardhini hewa ni kilopaskali 101. Futi 35,000 ni kama 24. Kama hewa ya ardhini imefungiwa ndani ya sehemu iliyobanduka, ukipanda inasukuma ngozi kwa nje kwa kilopaskali 77. Kwa meta moja ya mraba hiyo ni karibu tani 8. Ukitua inarudi. Kesho tena. Kila safari jeraha linafunguliwa kama mtu anayechokonoa kidonda.

Ya kusikitisha zaidi ni tangi la X-33, chombo cha anga cha NASA na Lockheed Martin. Tangi la haidrojeni kimiminika, sandwichi ya kaboni na sega. Tarehe 3 Novemba 1999, kituo cha Marshall kule Alabama, wakalijaza haidrojeni ya nyuzi hasi 253, wakalipa mzigo, likastahimili. Wakaimwaga haidrojeni, tangi likaanza kupata joto, na hapo ndipo sandwichi ikafumuka. Ngozi ya ndani ilikuwa imepata vinyufa vidogo visivyoonekana, gesi ikaingia kwenye matundu ya sega ikiwa baridi, ilipopashwa moto ikavimba na haikuwa na pa kutokea. Mwaka 2001 mradi wote ukafutwa.

MpigaMbizi

Yaani lilipita mtihani likafia njiani kurudi nyumbani.

BabuHistoria

Wazungu walishalijua hili tangu vita. Ndege ya Mosquito ya Waingereza, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, mwili wake ulikuwa plaiwudi ya mti wa bachi nje na ndani, katikati balsa hiyohiyo ya Fundi. Zilipopelekwa Asia kwenye joto na mvua za masika, mwaka 1944 zikaanza kufunguka kwenye viungio. Uchunguzi ukakuta kazi ya gundi haikufanywa vizuri viwandani. Gundi za mwanzo zilikuwa za maziwa, zile za kaseini, na unyevu ni adui yake. Wakahamia gundi za fomaldehidi.

MzeeWaPlaiwudi

Plaiwudi imetajwa, naomba iheshimiwe.

LoriLaSamaki

Wakuu mimi si wa boti, nina lori la friji Mwanza. Ukuta wa kontena ni mabati mawili na povu la njano katikati. Mchana juani ukuta unatoka tumbo nje, usiku unarudi. Sasa kuna sehemu haurudi tena. Nalo ni hili?

Kipimo_Sahihi

Nalo ni hili. Bati la nje juani, hasa likiwa na rangi nyeusi au buluu iliyokolea, linaweza kufika nyuzi 70. La ndani liko hasi 18. Tofauti ni 88. Paneli ya meta 6, unene wa milimeta 100, ikiachiwa ijipinde itakavyo, inatoa tumbo la karibu sentimeta 5. Hapo hujaweka hata samaki mmoja. Kwa kuwa imefungwa kwenye fremu haiwezi kujipinda yote, basi mkazo unahamia kwenye gundi. Kila siku, miaka mingapi?

Sehemu isiyorudi, bati limeshaachana na povu. Paka rangi nyeupe upande wa jua kwanza, halafu gonga ujue limeachia mpaka wapi.

LoriLaSamaki

Rangi yangu nyeusi na nembo ya simba. Simba ataumia.

KisikiChaKilifi

FundiWaTezi, niko Kilifi huku. Nimenunua boti ya mtumba, futi 28, sitaha sandwichi, sijui ya nini ndani. Nawezaje kujua kabla sijaanza kupakia watu? Hilo la kugonga mwalitaja, lakini hamjalieleza.

FundiWaTezi

Ni rahisi na ni bure. Chukua sarafu nzito, mimi natumia ya shilingi 200, kwako hata ya 20 inafaa. Ishike kwa vidole viwili, ilegee, gonga kwa ukingo wake kila baada ya sentimeta 3. Palipo pazima panalia "ti, ti, ti", mkali, mfupi. Palipobanduka panalia "dub", kama umegonga kibuyu. Palipolowa ni gumu kueleza, sauti inakufa, kama unagonga mkate. Anzia mahali unapojua pazima ili sikio lizoee. Zima redio. Fanya alfajiri, kabla upepo wa kusi haujaanza. Kila ukisikia sauti imebadilika weka alama ya chaki, ukimaliza unganisha alama.

Anza na penye matundu: nguzo za reli, vigingi vya kamba, chini ya kiti, kuzunguka kifuniko cha tangi.

Kipimo_Sahihi

Naongeza tahadhari moja. Sarafu inaisikia ngozi unayoigonga, hasa ikiwa nyembamba. Ngozi ya upande wa pili ikibanduka, unaweza kugonga siku nzima huku juu ikakuambia "ti". Kwa wale wa ndege, baada ya 2005 walihamia kuvuta kwa vakyumu na kupima kwa mawimbi ya sauti. Kwa hiyo ingia chini ya sitaha na taa, ugonge dari.

FundiWaTezi

Kweli kabisa, hili nililisahau, na ndilo lililonidanganya mwaka jana. Nilisimama juu nikaridhika.

Na kwa atakayefunga skrubu yoyote kwenye sandwichi, nisikilizeni mimi niliyelipa. Toboa tundu kubwa mara mbili au tatu ya skrubu, kwenye ngozi ya juu na kiini tu, usiitoboe ya chini. Pinda msumari ncha, uweke kwenye dreli, uchimbue kiini pembeni ndani ya tundu. Jaza epoksi iliyokorogwa na unga wa silika mpaka iwe kama siagi ya karanga. Ikishakauka ndipo utoboe tundu la skrubu katikati ya ile epoksi. Skrubu haitagusa kiini maisha yake yote, na hata ukiikaza kwa nguvu haitakiponda. Nane zote nimezirudia hivyo. Dakika 20 kila tundu. Sitaha nzima imenigharimu siku 11 na urafiki na nahodha.

KisikiChaKilifi

Ahsante sana fundi, na dada Kipimo_Sahihi pia. Kesho alfajiri.

KisikiChaKilifi

Nimerudi. Nimegonga juu saa mbili nzima, mke wangu akidhani nimerukwa. Kuzunguka kigingi cha kamba cha omo, "dub" kama ulivyosema, nimechora kama sahani ya wali. Nyuma kwa nahodha juu panalia vizuri. Nikaingia chini na taa nikagonga dari: chini ya kiti cha nahodha sauti inakufa, ile ya mkate. Nimechora chaki mpaka mkono umefika kwenye tangi la mafuta, na bado sijapata mahali pa kusema imeishia. Nikate?

FundiWaTezi

Usikate bado. Toa kwanza tangi, ugonge na chini yake. Halafu toboa kitundu kimoja cha milimeta 5 kutoka chini, mahali penye sauti mbaya kuliko kote, weka kikombe, uende ukanywe chai. Ukirudi niambie kikombe kina nini na kina rangi gani.